Kondo la Rais Pyo

Mtungi ulichukuliwa Deok-sun akiwa safarini. Alikuwa amekwenda Daegu kumuuguza mama mkwe wake, aliyevunjika nyonga na kupumzishwa kwa binti yake huko. Aliporudi hakuingia hata ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba kufunua mitungi ya sosi ipate jua, kama afanyavyo kila mwanamke wa Dalgok siku isiyo na mawingu. Mtungi mkubwa haukuwepo. Palibaki duara la udongo mkavu, na tandu amejilaza katikati yake kama mwenye nyumba.

Sosi ya soya iliyokuwa humo haikuwa ya juzi wala jana. Ilianzishwa na wakwe waliokwisha kufa, na tangu hapo kila mwaka sosi mpya humiminwa juu ya ile ya zamani, wala haijapata kuisha. Ikikosa jua na upepo inakufa, na ikifa atakayeulizwa ni Deok-sun, si mtu mwingine. Mama mkwe naye alikuwa anarudi mwisho wa mwezi, na desturi yake ilikuwa kuchovya kidole katika mtungi ule kabla hata hajavua koti.

Mumewe, Gi-taek, alimweleza kwa furaha kwamba mtungi uko kwenye jumba la makumbusho.

Gi-taek alikuwa mtoto wa kaka mkubwa wa hayati Rais Pyo. Wilaya ilikuwa imejenga jumba la marumaru kando ya kibanda alichozaliwa Rais, kisha ikagundua kwamba hakuna cha kuweka ndani. Ukoo ulikuwa maskini, kila kitu kilivaliwa kikachakaa au kilitiwa motoni wakati wa baridi. Palipatikana miwani, kijiko kilichopinda na kiatu kimoja cha mpira. Cha pili kilitafunwa na mbwa. Mkurugenzi Maeng wa jumba hilo akajifungia kwenye nyaraka hadi akafukua picha ya mwaka aliozaliwa Rais. Ilionyesha lango la nyumba limetundikwa kamba ya majani ya mpunga, iliyochomekwa pilipili nyekundu na vipande vya mkaa, ishara kwamba humo amezaliwa mtoto wa kiume na wageni wakae mbali. Alipokuja kwa Gi-taek kuomba chochote kile, hata ufagio, akaona nyuma ya nyumba mtungi uliofungwa kamba ileile, pilipili zilezile, mkaa uleule. Wafalme wa kale makondo yao ya nyuma yalizikwa ndani ya mitungi. Mkurugenzi akapiga magoti kwenye matope.

"Kila mtungi wa sosi hufungwa kamba hiyo kuzuia mikosi," Deok-sun alimwambia mumewe. "Hukujua, baba Seulgi?"

"Nilijua. Lakini mtu mzima ameshaanza kulia, mama Seulgi. Nimwambie ni sosi?"

"Na harufu je?"

"Nikasema moyoni, kondo la siku nyingi hivyo litanukiaje?"

Kesho yake Deok-sun alikwenda kwenye jumba. Mtungi ulikuwa ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa. Ile soksi ya karatasi aliyoikata mwenyewe na kuibandika ubavuni mwa mtungi kichwa chini ili kuwatisha tandu, iliandikiwa kibao: Soksi ya Kwanza ya Rais. Chumvi iliyojipenyeza na kuchanua nje ya mtungi iliitwa Machozi ya Taifa. Wanawake wawili waliotamani watoto wa kiume walikuwa wakisugua kioo kwa viganja kisha wakijipaka matumboni.

Alimnong'oneza Mkurugenzi kwamba ile ni sosi. Mkurugenzi alimsikiliza kwa adabu, akavua glavu zake nyeupe, akamweleza kwamba sosi bila shaka ilimiminwa baadaye ili kulihifadhi kondo, ambalo limo chini kabisa. Deok-sun akauliza kama basi wanaweza kufunua waone. Akajibiwa kwamba mtungi wa kondo haufunuliwi. Uso ukamwiva, akarudi nyumbani.

Tangu hapo kila asubuhi yenye jua alikuwa akienda kusimama kando ya kioo, kama mtu aliyekwenda kumwona ndugu yake gerezani. Mwishowe aliona bora adanganye. Alimwambia Mkurugenzi kwamba ni mila ya ukoo wa Pyo kondo kuota jua asubuhi. Mkurugenzi alifurahi mno, akasema ataomba kibali wilayani, ila kibali kitatoka baada ya sherehe za uzinduzi rasmi.

Siku ya uzinduzi ndiyo siku aliyorudi mama mkwe. Kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo, kiti chake cha magurudumu kilisukumwa moja kwa moja hadi mbele, karibu na mkuu wa wilaya. Kwaya ilikuwa bado inaimba aliponyanyua pua.

"Nani ameiweka sosi yangu rumande?"

Mkurugenzi aliinama mbele yake. "Bibi, hili ni kondo la shemeji yako."

"Kondo la shemeji yangu nililichoma mwenyewe kwa pumba za mpunga, nikiwa bi harusi mpya," alisema mama mkwe. "Pale mlipoegesha magari."

Watu wote waligeuka kutazama magari. Mkuu wa wilaya alimnong'oneza karani wake, kisha akatangaza kwamba maegesho nayo yatazungushiwa uzio. Kuhusu mtungi, alisema mabango yameshachapishwa.

Lakini mama mkwe alikataa kusukumwa popote mpaka kioo kiondolewe. Kikaondolewa. Mkurugenzi akafunua mtungi kwa mikono miwili, akigeuza uso pembeni. Juu ya sosi palikuwa na utando mweupe. Mama mkwe alichovya kidole, akakilamba, akafumba macho. Wale wanawake wa watoto wa kiume wakafumba ya kwao.

"Ina ukungu," alisema. "Haijafa. Nani alikuwa akikaa nayo?"

Mkurugenzi akajibu kwamba ni mama huyu hapa, kila asubuhi.

Mama mkwe alimtazama mkwewe, kisha akaitazama soksi ya karatasi.

"Soksi umeibandika sawa. Kesho wautoe mtungi wauweke hapo uani, nawe uje kufunua mapema kabla mabasi hayajafika. Sasa uondoe huo ukungu."

Deok-sun akaomba kijiko. Jumba zima lilikuwa na kimoja tu. Mkurugenzi alisita, akavaa tena glavu zake, akafungua kabati, akamletea kijiko cha Rais kwa mikono miwili. Kwa kuwa kilikuwa kimepinda, kiliingia mtungini vizuri kuliko kingine chochote.