Binti Aliyeganda Mkekani

Sinalei alikuwa ameegesha gari lake, ambalo ndilo pia chumba chake, jiko lake na ofisi yake, kando ya bafu la kambi moja ya wasafiri huko Queensland, Australia, kwa kuwa hapo ndipo mtandao ulipokamata vizuri. Alikuwa akiandika makala juu ya programu zinazomweka mtu karibu na wapendwa wake. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha: kuwafundisha wanaohamahama na kompyuta zao namna ya kutosahauliwa nyumbani.

Simu ya video ikaita kutoka Safotu, Samoa, ambako ilikuwa saa ya sala ya jioni. Mama yake, Ofeira, aliisimamisha simu mkekani, mahali pa binti mkubwa. Katikati ya zaburi mtandao ukakatika na uso wa Sinalei ukaganda. Kwao, sala ikishaanza, hakuna anayenyanyuka wala kugusa kitu mpaka amina, kwa hiyo hakuna aliyekata simu. Na sala za baba yake, Mzee Pasese, ni ndefu. Ilipofika amina, taswira ile iliyoganda ilikuwa imetoka kwenye kioo na kukaa mkekani, miguu imekunjwa kwa adabu. Aliyekaa mkekani hupewa chakula. Wakaipa talo, yaani magimbi ya kwao, na samaki.

Sinalei alipopata habari, alishika kichwa.

"Mama, hiyo ni picha!"

"Picha imefua mashuka. Wewe umefua nini?"

"Irudisheni kwenye simu."

"Irudi, halafu nani apalilie talo? Kaka yako Eneliko? Yule akiona jembe tu, mgongo unamuuma."

"Nimesikia!" Eneliko akadakia kwa nyuma. "Na huyu dada wa mkekani hanisimangi kama wewe."

Sinalei akawaelekeza wazime simu, wawashe tena. Wakazima, wakawasha. Wakati huo taswira ilikuwa ikimpikia mzee kakao, kingo zake zina ukungu kidogo, hasa mvua ikinyesha. Akawaandikia wenye programu. Wakamjibu kwamba wamefurahi kusikia familia yake inaridhika na huduma.

Kisha miguu ya Mzee Pasese ikachoka, akataka kuliachia jina la ukoo, lile la mkuu wa familia, ambalo hupewa aliyeitumikia nyumba. Tangu utotoni Sinalei alijua kwamba litakuwa lake, na hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho.

"Njoo Jumamosi, mwanangu," baba akasema. "Ukae mbele ya wazee, unywe kikombe cha kava cha kutawazwa, liwe lako."

"Jumamosi nina mteja, baba. Nipigieni simu ya video, nitahudhuria kutoka huku."

Mzee Pasese akauliza kama mtandao una tatizo, labda hakusikia vizuri. Ulikuwa mzuri sana.

"Haya," baba akasema.

Jumamosi Sinalei alitazama sherehe katikati ya vikao viwili. Eneliko aliyeshika simu alimwonyesha zaidi nguruwe aliyechomwa, lakini hatimaye akamwonyesha pia taswira, imevaa vazi la magome ya mti, ikipokea kikombe na kunywa. Wazee wakapiga makofi. Mmoja tu alinung'unika kwamba ilichelewa kuitikia. Akaambiwa vijana wa siku hizi ndivyo walivyo.

"Jina langu hilo!" Sinalei akapiga kelele garini. "Langu!"

"Dada, tunajaribu kulala mchana kidogo," akasema jirani kutoka hemani.

Jioni akapiga simu nyumbani. Ikapokelewa na uso wake mwenyewe, ila huu ulikuwa umepumzika.

"Nipe baba," Sinalei akasema.

"Amejilaza kidogo. Nimwambie nani amepiga?"

"Binti yake!"

"Binti yake ndiye mimi," uso ukasema kwa upole, mdomo ukiitangulia sauti. "Una ujumbe?"

Kwenye kompyuta mteja alikuwa ameshaingia kikaoni, anamsubiri.

"Mwambie nitapiga Jumatano."

"Sawa, dada," uso ukajibu, ukakata simu.