Mwiko Mkononi mwa Apiyo

Risper Apiyo alizaliwa dakika kumi na mbili kabla ya pacha wake, na dakika hizo kumi na mbili zilimtesa miaka thelathini na moja. Kwa Wajaluo pacha wa kwanza ni Apiyo, wa pili ni Adongo, na hakuna ofisi ya serikali inayoweza kubadilisha hilo. Apiyo ndiye aliyetangulia kunyonya, ndiye aliyetangulia kunyolewa, na kosa likifanywa na wawili, ndiye aliyetangulia kuchapwa. Na Apiyo ndiye anayepaswa kutangulia kuolewa. Hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa sababu Mellen Adongo alikuwa anaolewa Jumamosi, na Risper hakuwa na mume, hakuwa na mchumba, na ukweli usemwe, hakuwa na haraka.

Tena si kuolewa kanisani Rongo, ambapo mtu angekwenda kumbembeleza pasta asogeze tarehe. Mellen alikuwa nesi Marekani, na harusi ilikuwa Jamaika, kwenye hoteli ya ufukweni ambayo ukishalipa mara moja unakula, unakunywa na kulala bila kuulizwa tena. Yeye na Joash wake, kijana wa Kisii aliyekutana naye huko huko, walikuwa na likizo ya siku nane. Kuja nyumbani na kurudi kungemeza siku nne nzima. "Ukilipia usiku saba, Mama, harusi wanakupa bure," Mellen alieleza kwenye simu. Mama yao, Bathsheba, akauliza harusi ya bure ni harusi ya aina gani, na hao wanaoitoa bure wanatafuta nini kwa mtoto wake.

Tangu Jumatano picha zilimiminika. Mellen na utepe wa plastiki mkononi, ule wa hoteli unaoonyesha kwamba huyu ameshalipiwa kila kitu. Mellen na sahani ya nanasi. Mellen na sahani nyingine, kubwa zaidi. Joash ndani ya maji hadi kiunoni, glasi mkononi, kana kwamba nchi kavu imekwisha. Bathsheba alizitazama zote kwa uso uliokazwa. "Wamemfunga utepe kama mgonjwa wa wodini," alisema, na jioni hiyo chakula hakikumshuka.

Hofu ya Bathsheba ilikuwa na jina: chira. Ukivunja mwiko wa nyumbani, chira inakuja. Unakonda wewe, au anakonda mtoto wako, hospitali wanapima hawaoni kitu, na mwisho mnazika. Bathsheba ni mama wa kanisa, kila Jumatano anakemea mapepo hadi sauti inakauka, lakini chira hajawahi kuikemea hata siku moja. "Mungu namwamini," alimwambia Risper. "Na macho yangu nayaamini pia. Dada yangu alimpita mkubwa wake akaolewa. Mtoto wa kwanza alimzika. Wa pili akamzika. Wewe ulikuwa wapi?"

Risper alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Alikuwa amesoma, na mbele za watu alijifanya mambo hayo ni ya wazee. Lakini Mellen alikuwa na mimba ya miezi mitatu, siri aliyompa Risper peke yake, na tangu aambiwe hivyo Risper alikuwa akiamka usiku na kuhesabu miezi. Je, kama ni kweli? Hata kama si kweli, mtoto akiugua homa ya kawaida tu, nani atanyooshewa kidole? Apiyo, bila shaka. Aliyekalia njia ya mwenzake.

Alhamisi Bathsheba akaja na dawa. "Kaingie mahali," alisema.

"Mahali gani, Mama?"

"Nyumbani kwa mwanamume, mbele ya mama yake. Ushike mwiko, usonge kuon, watu wale. Mwanamke akisonga ugali jikoni kwa mama wa mwanamume, ameolewa. Mengine yote ni karatasi. Jumamosi, kabla ya saa kumi na mbili jioni, kabla Mellen hajasema ndiyo yake."

"Ala! Mume hauzwi dukani, Mama!"

"Cliff si yupo?"

Cliff alikuwepo, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Ni fundi wa friji Homa Bay, anazifufua zile friji za wauza samaki ambazo wengine wameshazikatia tamaa. Miaka miwili nyuma alimwomba Risper waoane. Risper akakataa kwa upole, naye akapokea kwa upole, jambo ambalo lilimuuma Risper kuliko kama angetukanwa. Cliff hana ubaya. Risper alimpenda kama mtu anavyompenda jirani mwema, na moyo haukwenda hatua moja zaidi ya hapo. Moyo nao si mbuzi, haukokotwi kwa kamba. Isitoshe alikuwa na vyerehani vyake viwili sokoni Rongo, anashona sare za shule, analala anapotaka na kuamka anapotaka. Maisha hayo aliyapenda.

Hata hivyo alimpigia. "Nisaidie kwa saa mbili tu," alisema. "Nije kwenu, nisonge ugali, Mama asikie nimesonga, halafu nirudi zangu. Ni kama mchezo."

Cliff alizima friji iliyokuwa ikinguruma karibu naye. "Mama yangu hajui mchezo," alisema. "Lakini njoo."

Jumamosi saa tisa alasiri Risper akabisha hodi kwa akina Cliff, kando ya mji wa Homa Bay, akitegemea kukuta nyumba tulivu na mama mmoja. Lo! Alikuta viti vimepangwa uani, wanawake watatu wa boma wamejifunga leso mpya, na manyoya ya kuku yamezagaa. Mama Scovia, mama yake Cliff, alitoka mbio na mikono yote miwili angani. "Wuololo! Nyathina! Mtoto wangu! Miaka miwili nangoja!" Alimkumbatia Risper hadi hereni moja ikadondoka. Juu ya bega la mama yule Risper alimtafuta Cliff kwa macho, na Cliff alikuwa anaangalia viatu vyake.

Alimpata pembeni baadaye. "Hukumwambia?"

"Nilimwambia unakuja," Cliff alisema. "Baada ya hapo hakunisikia tena."

Saa kumi ikafika. Simu ikatetemeka, ujumbe wa mama yake, wote kwa herufi kubwa kwa sababu hajui kuziondoa: UMESONGA. Risper akajibu bado, kuku bado ni mgumu. Saa kumi na nusu: UMESONGA. Bado. Saa kumi na moja: RISPER UNANIUA. Jasho lilimtiririka mgongoni ingawa upepo wa ziwani ulikuwa unapiga vizuri tu.

Mama Scovia alimshika mkono akamtembeza jikoni, akimwonyesha kila kitu kama mtu anayekabidhi ofisi. Chumvi inakaa hapa. Sufuria hii ilikuwa ya mama mkwe wangu, usiisugue kwa waya. "Tutagombana kidogo mwanzoni," alisema akicheka, "usijali. Nimezaa mmoja tu, nyumba hii imekosa kelele. Tena nikikosea niambie, mimi si mama mkwe wa vita."

Risper aliitikia kila neno, na kila neno lilimchoma. Alipopiga simu ile Alhamisi alikuwa amefikiria ugali tu. Hakufikiria kwamba utaliwa na mtu. Mama huyu akishakula ugali wake mbele ya mashahidi watatu, atamwambiaje kwaheri? Alijijua. Hataweza. Atakaa leo kwa ajili ya heshima, atakaa wiki kwa ajili ya huruma, kisha siku moja Cliff atatuma gari dogo Rongo likachukue vyerehani, na itakuwa imekwisha hivyo, bila mtu yeyote kumuuliza. Alitazama njia ya kutokea uani. Lakini kila alipofikiria kukimbia, alimwona Mellen na mkono tumboni.

Saa kumi na mbili kasorobo maji yalianza kuchemka. Mama Scovia alifuta mwiko kwa leso yake, akampa kwa mikono miwili. Kiswahili nacho kina utani wake: mwiko ni kile usichopaswa kufanya, na mwiko ni kile cha kusongea ugali. Risper alikuwa na cha pili mkononi ili kukwepa cha kwanza. Wanawake watatu walisogea mlangoni kutazama. Cliff alisimama nyuma yao.

Simu ikalia. Ilikuwa simu ya video ya watu watatu: Bathsheba yuko Rongo na kitambaa chake cha kanisa, Mellen yuko Jamaika na gauni jeupe. Huko ilikuwa asubuhi. Nyuma yake viti vyeupe vilikuwa vimepinduka na mvua ilikuwa inapiga mchanga kwa hasira. Mellen alikuwa analia.

"Nisameheni," alisema. "Hakuna harusi leo."

"Asante Yesu!" Bathsheba akaropoka.

"Ilikuwa jana, Mama."

Mellen akaendelea kwa haraka, maneno yakikanyagana. Jana asubuhi hoteli iliwaambia mvua kubwa inakuja. Wana harusi tano Jumamosi, mfungishaji ndoa ni mmoja na Jumapili hafanyi kazi, wasipofunga ndoa hapo hapo wangoje Jumatatu, na Jumatatu wako kwenye ndege. Wakafunga. Dakika saba, mashahidi wakiwa mpishi na mwanamke wa kufua mashuka. "Nilitaka leo turudie tu kwa ajili yenu, mtuone, msijue kitu. Sasa hata hiyo mvua imeharibu. Nimeshindwa kudanganya, Mama. Nimeshindwa."

Bathsheba alivuta kitambaa chake nyuma ya masikio. "Jana saa ngapi?" aliuliza.

"Huko kwenu saa moja jioni."

"Saa moja nilikuwa nachambua mboga," Bathsheba alisema polepole, kama mtu anayejishtaki. "Naimba. Sikusikia kitu chochote mwilini." Akasogeza uso karibu na simu. "Wewe ni mzima?"

"Mzima, Mama."

"Unakula?"

"Sana."

"Risper." Sauti ilibadilika. "Umeshasonga?"

"Maji ndiyo yamechemka, Mama."

"Basi..." alisema Bathsheba, na uso wake ukaganda mdomo ukiwa wazi, kisha ukapotea. Bando lake limekwisha. Mellen akaita Mama, Mama, naye akapotea.

Basi nini? Basi songa, tuokoe kilichobaki? Basi acha, uje nyumbani? Risper alipiga, mteja hapatikani. Akapiga tena. Siku zote alikuwa amelalamika kwamba mama yake anamwamulia mambo, na sasa angetoa cherehani kimoja apate amri moja tu. Mellen alikuwa ameshaolewa. Njia ilikuwa imeshavukwa tangu jana. Ugali huu haukuwa na kazi tena, lakini ungemfunga vile vile.

Mama Scovia, ambaye alichosikia ni kwamba mtu ameolewa salama, alipiga makofi. "Heri! Wao wamemaliza, sasa ni zamu yetu. Songa, mwanangu, maji yanakauka."

Risper akachota unga. Nusu ukamwagika jikoni, moto ukatoa harufu ya kuungua. Alifungua mdomo kusema, akaona lile tabasamu la yule mama, akaufunga. Akainamia sufuria.

Mkono mwingine ukashika mwiko juu ya mkono wake. Ulikuwa wa Cliff. Alikuwa amepita katikati ya wale wanawake, ameingia jikoni kwa mama yake, mahali ambapo mwanamume mzima wa boma hilo hakanyagi ila nyumba ikiungua. Aliuvuta mwiko taratibu hadi vidole vya Risper vikaachia.

"Cliff!" Mama yake alishtuka. "Unafanya nini? Toka!"

"Mgeni hapiki, Mama."

"Mgeni gani?"

"Huyu. Amekuja kututembelea. Atakula, halafu nitamsindikiza stendi kabla giza halijaingia." Alimwaga unga, akaanza kusonga, amewapa wote mgongo. Alisonga vibaya, madonge yanaruka, shati limemnata mgongoni, na shingo yake ilikuwa imekaza. Hakumtazama Risper hata mara moja. Mlangoni mwanamke mmoja alisema eh, mwingine akamfinya anyamaze.

Risper alitaka kumwambia Cliff asante, nisamehe, mambo mengi. Simu ilitetemeka mfukoni. Hakuitoa.

Mama Scovia alimwangalia mwanawe, akamwangalia Risper, akamrudia mwanawe, na tabasamu lake likaondoka kidogo kidogo. Alikaa juu ya kigoda. Alikunja leso yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akainuka, akachukua birika la maji ya moto na beseni, akaja akapiga goti mbele ya Risper kama anavyopokewa mgeni wa heshima.

"Basi mgeni anawe," alisema.

Risper akanyoosha mikono juu ya beseni, na mama yule akammiminia maji polepole, akihakikisha hayamchomi.