Nani Ampakate Mansuri

Anifa hakutulia kwenye benchi. Maziwa yalikuwa yamemlowesha kifuani, na mwanawe Mansuri alikuwa analia mapajani mwa mama mkwe wake, Bi Swaumu. Tangu kifafa kilipomwangusha shambani kule Kitanga, hakuachiwa tena mtoto. Alimnyonyesha huku ameshikiwa, kama mwizi anayelindwa. Leo Bi Swaumu alikuwa amemleta kliniki ya Kasulu kwa swali moja tu: je, mtoto aachishwe ziwa, mama arudishwe kwao?

Muuguzi Ernesta, aliyetoa dawa na kusikiliza watu katika chumba hichohicho, alimpima Anifa, kisha akamgeukia Bi Swaumu.

"Mama, hapa tuna utaratibu. Yeye anasimulia, wewe unasikiliza bila kujibu. Mwishoni utatuambia ulichosikia."

"Nifunge mdomo mbele ya mke wa mwanangu? Hata Ramadhani hatufungi hivyo!"

Anifa alitazama sakafu. Kwao mkwe hasemi mbele ya mama mkwe. Ee Mola, nifungue ulimi, aliomba moyoni.

"Kifafa kikitaka kuja, kinabisha hodi?" Ernesta aliuliza.

"Kinatanguliza harufu. Kama maharage yanayoungua."

"Anaunguza mwenyewe huyo!"

"Mama!" Ernesta alimkatiza.

Bi Swaumu akaguna, akamtikisa mtoto.

"Siku ile niliisikia," Anifa aliendelea. "Nikamfungua Mansuri mgongoni, nikamlaza kwenye majani ya maharage, nikasogea mbali. Ndipo nikaanguka. Na nyumbani nako, kila mara nilimlaza kwanza."

"Kwa hiyo kifafa hakijawahi kukukuta umempakata mtoto."

"Hakijawahi!" Alishtuka kusikia alivyopaza sauti.

"Mama, umesikia nini?"

Bi Swaumu alimtazama mtoto. Ndiye aliyemwokota mtoto siku ile, na ndiye aliyetangazia kijiji kizima kwamba mama yake kamtupa.

"Nilimkuta kalala chali," alisema polepole, "hana hata mchubuko. Nimesikia… kwamba alilazwa."

"Basi ziwa halina kosa. Ameze dawa bila kuruka, na akimpakata akae chini."

Anifa alishuka mkekani, akanyoosha mikono. Bi Swaumu aliinama, akamweka Mansuri kifuani pake, lakini kiganja chake kikabaki chini ya mgongo wa mtoto.

"Achia, mama," Anifa alisema.

"Na kikija?"

"Nitamlaza. Achia."

Akaachia, kidole kimoja kimoja.