Dirisha la Uani

Dirisha lililotazama uani lilifungwa wiki tatu kabla ya Bwana Abdulqadir kufa, na aliyelifunga ni mkewe, Bi Umulkheir. Komeo lake lilikuwa gumu. Alilisukuma kwa viganja vyote viwili huku mgonjwa akimtazama, kisha akarudi kitandani kumfunika shuka.

Ilikuwa siku ya tatu mgonjwa akilalamikia harufu iliyoingia dirishani. Na huyu si mtu wa kubabaishwa na harufu. Alikuza asmini miaka arobaini. Maharusi wa mji wa Amu walivaa vikuba, vishada vya maua yake, na mama zao kabla yao. Kila alfajiri akitoka msikitini alipita kati ya mashina akinusa majani, maua akayaacha. Watu walimtania kwamba ameoa bibi harusi akaenda kumbusu shangazi. Naye alicheka, akaendelea kunusa.

"Umulkheir, asmini yatoa harufu ya nyasi zilofyekwa," alisema siku ya kwanza. "Ndoo hapa unuse. Kuna kitu chaila asmini."

Bi Umulkheir alichungulia nje. Majani yalikuwa ya kijani kibichi, maua yamejaa tele. Akamjibu kwa sauti ya kubembelezea mtoto, "Ni homa hiyo, Bwana. Lala upumzike."

Baada ya dirisha kufungwa, mzee hakuitaja harufu tena. Hakusema mengi tena, mpaka Mungu akamchukua.

Alipoingia eda, Bi Umulkheir akajifungia mlango wa uani pia. Binti yake, Hayat, alimweleza kwamba alichokatazwa mjane ni kujitia manukato, si kupita karibu na ua lililo mtini mwake. Mama hakutaka kuelewa. Kwake, hata harufu iliyomfuata puani bila kualikwa ilikuwa starehe, na starehe hakuitaka. Basi Hayat akawa anachuma peke yake, na ndiye aliyeleta habari, mwezi wa pili wa eda, kwamba majani ya upande wa kisimani yalianza kupauka wakati wa mazishi na sasa yanapukutika.

Akaitwa Wanjira, afisa wa kilimo, binti wa bara mwenye adabu zake. Alikuja na kijisanduku chenye mrija, akawa anaupitisha kwenye majani, shina baada ya shina. Bi Umulkheir alisikiliza nyuma ya mlango. Mmea ukifyonzwa na wadudu wadogo wa utitiri, Wanjira alikuwa akimwambia Hayat, hutoa harufu yake mapema, kabla jani halijabadilika rangi. Chombo hiki kinainasa. Akafunga utepe mwekundu penye ugonjwa. Tepe nyingine zilifungwa kwenye mashina yaliyokuwa mabichi kabisa.

Mlango wa uani ukafunguka.

"Na mtu je?" Bi Umulkheir akauliza. "Mtu aweza kuinusa?"

Wanjira alimgeukia. "Wengi hawawezi, Bi. Lakini aliyeishi na mimea yake miaka mingi, huenda akaweza. Ni kama harufu ya nyasi zikifyekwa."

"Mapema kiasi gani?"

"Wiki mbili, hata tatu. Ukijua wakati huo, unapogoa matawi machache tu, mmea unapona."

Mashina ya kisimani hayakuwa ya kupona tena. Yalipaswa kung'olewa na kuchomwa moto, pamoja na lile shina kongwe ambalo Abdulqadir alilipanda mwaka aliomwoa Bi Umulkheir. Hayat alianza kulia. Mama yake aliinamia shina bichi lenye utepe, akaliweka jani puani. Harufu ya asmini ilitangulia kama kawaida. Akasubiri. Chini yake, nyembamba, ikaja nyingine: nyasi zilizofyekwa.

Mtu alimwambia ukweli, naye akamfunika shuka.

Aliingia chumbani. Komeo la dirisha lilikuwa gumu vilevile. Alilivuta mpaka likaachia. Kisha akaketi pale alipokuwa akiketi, karibu na ulipokuwa mto wa mumewe, huku jembe la Hayat likianza kugonga ardhi kule kisimani.

"Ni kweli, Bwana," alisema. "Yanuka."

Akanyamaza, kama alivyokuwa akifanya zamani, kumpa nafasi ya kujibu.