Tumba la Sumie

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na mbili Januari, asubuhi, chai ya Torakichi ikiwa haijapoa. Yukari, binti aliyeajiriwa na chama cha wakulima wa maua, alisimama mlangoni na viatu vyake vya mpira vilivyojaa tope jeusi la kisiwa, akamwambia kwamba lile tumba litakatwa leo.

Torakichi hakuuliza tumba lipi. Bustani ya chama ilikuwa na vichaka vingi vya botan vilivyochanua katikati ya baridi, kila kimoja ndani ya kibanda chake cha mabua ya mpunga, maua makubwa kama bakuli yakichungulia upande wa kusini mithili ya vikongwe wanaoota jua. Lakini hayo yalikuwa maua ya kudanganywa. Chama kilivilaza vichaka kwenye ghala la baridi, kikavitoa, navyo vikaamini kwamba majira ya kuchipua yamefika. Kichaka cha Sumie hakikudanganywa na mtu.

Sumie, marehemu mkewe, alikuwa mmoja wa wale wanawake wa kisiwani waliozunguka Japani nzima na miche ya botan mgongoni, wakiiuza nyumba kwa nyumba mpaka Hokkaido kwenye theluji ya kufika kiunoni. Kisiwani watu hupandikiza vijiti. Kupanda mbegu ni kuchezea umri, maana ua la kwanza husubiriwa miaka mingi. Yeye alipanda mbegu. Alitaka botan itakayochanua baridini kwa hiari yake. Alikufa kichaka kikiwa cha kufika gotini, hakijawahi kutoa hata tumba moja. Mumewe alikuwa mpasua mawe, asiyejua hata kisu cha kupandikizia kinashikwaje, basi shamba likachukuliwa na chama. Walisema wanamsaidia. Torakichi aliwajua wasaidizi wa aina hiyo. Wakubwa hao hao ndio walioahidi zahanati, uchaguzi baada ya uchaguzi, na Sumie akakata roho ndani ya gari, njiani kwenda hospitali ya ng'ambo, kabla halijamaliza kuvuka daraja.

Na sasa, baridi hii, tumba la kwanza.

Yukari alieleza taratibu, kama mtu aliyefanya mazoezi njiani. Kichaka bado ni dhaifu, mizizi yake michache. Ua likichanua kwenye baridi hii litanyonya nguvu zote, na redio imesema jalidi ya usiku itakuwa kali. Likikatwa sasa, kichaka kitapona, na mwaka kesho au wa pili yake kitachanua kikiwa na nguvu.

"Una miaka mingapi, binti?"

"Ishirini na saba."

"Basi mwaka kesho ni wako. Mimi daktari haniambii habari za mwaka kesho."

Akamwambia pia anachokijua kila mtu: mwenyekiti wa chama anavitaka vijiti vya kile kichaka apandikize, auze, na ua alipe jina la mjukuu wake.

"Vijiti anavitaka, ndiyo," Yukari alisema. "Na jina analo tayari, sikufichi. Ila kikifa, babu, hakuna vijiti, hakuna jina, na cha mama Sumie hakibaki hata jani."

Torakichi alimjibu kwamba mkasi utapita juu ya maiti yake. Binti akamtazama, akatazama chai, kisha akatoa neno la mwisho. Likifunguka lenyewe kabla ya geti kufungwa saa kumi na moja, hatalikata, maana nguvu itakuwa imeshatumika na kukata hakutasaidia kitu. Lisipofunguka, atakata.

Torakichi alikwenda kukaa juu ya kreti mbele ya kibanda. Tumba lilikuwa limefumba kama ngumi ya mtoto mchanga, na kwenye ncha yake kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi. Alilitazama mpaka macho yakamtoka machozi ya baridi. Mwenyekiti akapita na wageni wake, akamwonyesha kwa kidole kama sehemu ya maonyesho, wageni wakainama kwa heshima. Torakichi hakuinama.

Kimiyo, aliyewahi kuuza miche pamoja na Sumie na sasa alikuwa kibarua wa bustani, alikuja na tonge la wali la kuchoma.

"Shemeji, ukilikodolea hivyo litaona haya."

"Niache."

"Sumie mwenyewe hukuwahi kumtazama namna hiyo. Angejua, angejigeuza botan zamani."

Torakichi akaliweka tonge magotini. Kimiyo akaacha mzaha, akainua uso. Mawingu yalikuwa yameondoka yote, mbingu tupu, safi, na kila mtu kisiwani anajua mbingu ya namna hiyo inaleta nini. Alisema usiku huu hata maji ya ndooni yatakuwa jiwe, akarudi kazini.

Saa tisa uzi ulikuwa uzi vilevile. Torakichi alilipulizia tumba pumzi yake, mara nyingi, mpaka kifua kikambana. Ndipo akainuka, akaenda nyumbani mbiombio.

Alirudi na kikopo cha bati cha Sumie, kile cha kuwekea kaa la moto, ambacho wauza miche walikifunga tumboni chini ya nguo wakatembea nacho kwenye theluji. Kaa alikuwa amelitia, linawaka. Kikopo huvishwa mfuko wa kitambaa; yeye aliuvua, kwa sababu kitambaa kinazuia joto. Akakisukuma ndani ya kibanda, chini ya tumba. Mtoto yeyote kisiwani angemwambia kwamba kikopo kisicho na mfuko wake na mabua makavu havikai nyumba moja. Torakichi aliwaza saa kumi na moja tu.

Joto lilipanda. Akapiga magoti, akaingiza kichwa. Uzi ulikuwa unaachana. Aliona, hakuota: upande mmoja ulikuwa umepanuka kiasi cha kupitisha ukucha, na ndani mna rangi, lakini kivulini mle hakuitambua. Akasogea zaidi. Harufu ikamfikia kwanza, halafu moshi, halafu ukuta wa nyuma wa kibanda ukashika moto wote kwa pamoja.

Aliung'oa kwa mikono mitupu. Kimiyo akaja mbio na ndoo.

"Usimwagie kichaka maji! Kitaganda!" Torakichi alipiga kelele.

Kimiyo akageuza mkono, akayamwaga juu ya mabua yaliyokuwa yakiwaka chini. Yukari alifika wakati moshi unaisha. Kichaka kilisimama wazi, uchi, upande mmoja majani yamejikunja meusi. Ganda la tumba upande huo lilikuwa limeungua. Upande wa pili, ule mwanya ulikuwapo.

Kengele ya geti ikalia, saa kumi na moja.

Torakichi alianza kusema. Alisema wasingelichukua shamba, asingekuwa amepiga magoti hapa. Alisema zahanati, alisema daraja, alimtaja mwenyekiti na babu wa mwenyekiti. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, na Kimiyo akavifunga kwa leso yake bila kuuliza. Halafu akaenda kuleta kibanda kingine, akasimama nacho mikononi, asijue akiweke au asubiri.

Yukari alichuchumaa akalichunguza tumba pande zote bila kuligusa. Alisema halijafunguka, wala halijafumba. Huenda likakamilika kesho likifunikwa, huenda limeshaungua ndani na litaoza na kichaka chake. Mkasi ulikuwa mfukoni mwake, akautoa. Torakichi akasubiri amri, kama alivyosubiri amri maisha yake yote, apate cha kulaani.

Jua lilishagusa paa la ghala, na pumzi zao zilikuwa nyeupe.

"Mwenyekiti ameniachia mimi," Yukari alisema, "na mimi nakuachia wewe. Leo mkubwa hapa ni wewe, babu. Nikate?"