Shahidi wa Papa Moïse

Seva ya Edmond ilikuwa ikizimika kila mchana. Ikizimika, nusu ya mtaa wa Himbi, hapa Goma, inakosa intaneti. Nusu ya Himbi ikikosa intaneti, Edmond anamtukana Papa Moïse. Ndivyo mambo yalivyokwenda. Hakutukanwa fundi, hazikutukanwa betri, wala wale wenye umeme wanaoutoa wakijisikia. Alitukanwa mlinzi wa lango, kwa sababu alikuwa karibu na hakuwa na pa kwenda.

Na kweli hakuwa na pa kwenda. Papa Moïse alikuwa na ng'ombe Masisi, vita vikawala. Akawa na hema Kanyaruchinya, kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao, kana kwamba huko makwao kuna aliyewawekea chakula mezani. Sasa alikuwa na kibanda kando ya lango la Edmond: kitanda, taa moja, na mke wake Lucie. Akifukuzwa langoni, amefukuzwa na kitandani.

"Ni yeye anaiba courant," Edmond alimwambia Magloire, fundi wake. "Anachajia watu simu. Hawa watu wa kambi wamezoea vya bure."

"Nimuulize, patron?"

"Mwivi anaulizwa? Unifungie ile programu ya kuchunga serveur. Washirika wangu wa Bukavu wanataka namba. Namba ikisema ni yeye, anatoka siku hiyo hiyo."

Tangu mji ubadilishe wenye kuutawala, Edmond alikuwa akilala Gisenyi, upande wa Rwanda, na kuvuka mpaka asubuhi kuja kukemea. Wako wengi wa namna yake. Magloire yeye alibaki. Ukoo wake ulitoka upande wa Bukavu, ukoo wa makarani: babu yake alimwandikia Mbelgiji, baba yake akawaandikia wote waliokaa kwenye kiti cha Mbelgiji, na nyumbani kwao mtoto alifundishwa mapema kwamba mkubwa akitamka, mdogo anaandika.

Basi akaanza. Linux haina huruma kwa mtu mwenye haraka na mtandao mbovu. Magloire aliamuru programu ishuke, ikafika nusu, mtandao ukakata, akaamuru tena. Ikashuka. Akaweka ghala la kutunzia vipimo, akaweka ukurasa wa kuonyeshea michoro, kisha akaweka kile kijiprogramu kinachokaa ndani ya seva kama mpelelezi, kazi yake kuuliza kila wakati: umeme kiasi gani unapita, na unapita wapi. Ukutani, chini ya betri, palitoka nyaya nne, na kila waya Edmond alikuwa amenunulia kipimo chake. Kwenye mchoro kila waya ukawa mstari, naye Magloire akaipa mistari majina. Wa kwanza, seva. Wa pili, antena ya juu ya nyumba. Wa tatu, kibanda cha sentinelle, yaani mlinzi. Wa nne ulizama ndani ya ukuta na hakujua unatokea wapi, akauacha hivyo hivyo, mstari wa nne.

Papa Moïse alimletea kiti. Halafu akaleta kipande cha katoni, akasimama nyuma yake akimpepea, maana chumba kile kilikuwa moto kama jiko.

"Ingénieur, hii kitu inaona kweli?"

"Inaona, papa."

"Hata mutu asipokuwa hapa?"

"Hata asipokuwa. Hailale."

"Na haijue kama mimi ni mutu wa kambi?"

Magloire akacheka. "Haijue hata jina lako, muzee."

"Basi ni muzuri." Mzee alipepea kwa nguvu zaidi. "Patron ananiita mwivi mbele ya bibi yangu. Nikiapa, anacheka. Bibi yangu akiapa, anacheka zaidi. Sina mushahidi. Fungia vizuri, mutoto wangu. Huyu ndiye mushahidi wangu."

Kesho yake, jua lilipoanza kuchoma, mashine ikatoa ushahidi. Mstari wa tatu, wa kibanda, ulilala chini kabisa kama mtu aliyekata tamaa: taa moja, basi. Mstari wa nne ukapanda, ukapanda, ukakaa huko juu, na betri zikaanza kushuka. Magloire akaenda ukutani. Akakata waya wa kibanda, hakikubadilika kitu. Akaurudisha. Akakata wa nne, na papo hapo betri zikatulia.

Sauti ya mwanamke ikatoka ng'ambo ya ukuta.

"Nani amekata? Nani huyo mujinga? Samaki yangu itaoza."

Alikuwa Rosette. Nyumba yake iligusana mgongo na ofisi, mlango wake ukitazama avenue nyingine. Alinunua samaki kwenye soko la Kituku alfajiri, akaletewa wengine kutoka Vitshumbi, akawatia kwenye friza kubwa mbili na kuuza barafu kwa wenye baa. Avenue nzima ilijua Rosette ni nani kwa Edmond. Wanaume wa Goma humwita mwanamke wa pembeni deuxième bureau, ofisi ya pili, lakini Magloire hakuwahi kuona ya pili inayolishwa kwa waya kutoka ya kwanza.

"Ni mimi, Magloire," akaita ukutani.

"Wewe Magloire, urudishe. Na usicheze tena na hiyo waya. Ukitaka kujua mengi, uliza patron yako."

Akarudisha. Papa Moïse, aliyekuwa amekwenda kuchota maji, akaingia na bidoni zake mbili, akaziweka chini bila hata kupumua.

"Imesema nini?"

"Bado inahesabu, papa."

Jibu lilikuwa moja tu na mzee alikuwa mbele yake, lakini Magloire alitaka kwanza kumwonyesha mkubwa. Ni ugonjwa wa ukoo.

Edmond alipoingia ofisini, Magloire alimfungulia kompyuta juu ya meza. Alidhani, maskini, kwamba patron ataona haya kidogo, atavuta ule waya kimyakimya, na mlinzi ataachwa apumue. Edmond alitazama mchoro muda mrefu, akajikuna shingo.

"Umefanya kazi. Huu wa juu una jina?"

"Niliuacha wa nne, patron."

"Na huu uliolala?"

"Kibanda cha sentinelle."

"Badilisha."

"Patron?"

"Unajua kuandika, ao baba yako alisahau kukufundisha? Huu uliolala uite taa za nje. Huu wa juu uite sentinelle. Watu wa Bukavu wanasoma jina. Hawatapanda boti kuja kufuata waya ndani ya ukuta."

"Lakini Papa Moïse hakufanya…"

"Magloire. Bureaux zimefungwa mujini muzima, kazi hakuna. Nikisimama pale langoni niite 'nani anajua Linux', watakuja wangapi wakikimbia? Tena wengine watakuwa na diplôme." Edmond alisema hayo kwa upole, kama mtu anayemkumbusha rafiki kubeba mwavuli. "Na wa Bukavu watanipa betri mpya, kwa vile mwivi ameharibu hizi. Kila mutu atafurahi. Andika."

Akaandika. Kufunga ile programu kulikuwa kumemtoa jasho. Kumfanya mzee mwivi hakukuchukua jasho lolote. Alifuta jina, akaweka jina, akabonyeza. Na programu, kwa kuwa ilitengenezwa vizuri, ilibadilisha jina hata kwenye saa zilizokwisha kupita. Ilikuwa kana kwamba tangu mwanzo haikuwahi kuwa vingine.

Edmond akapaza sauti, "Muzee, kuja. Mushahidi wako amefika."

Papa Moïse akaingia kofia mkononi, uso umekunjuka. Alikuwa amenawa.

"Musomee, Magloire."

Magloire akaweka kidole kwenye skrini. "Hii mustari, papa, ndiyo inamaliza betri."

"Ni ya wapi?"

"Ya kwako. Imeandikwa hapa, sentinelle."

Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Kusoma alisoma kidogo, shule ya wamisionari, na neno lile alilijua. Ndilo lililokuwa kwenye kadi yake ya kazi.

"Na haidanganyi?"

Feni ya seva ilizunguka. Magloire alimtazama Edmond, na Edmond alikuwa akitazama kucha zake.

"Haidanganyi, papa."

Laiti Edmond ndiye angesema, mzee angeapa kwa marehemu wake wote, kama alivyokuwa akiapa siku zote. Lakini shahidi huyu alimkubali mwenyewe, na aliyemfunga alimpepea kwa katoni. Akageuka, akatoka, akaingia kibandani, na maneno yao yakafika ofisini neno kwa neno, maana mbao zile zilikuwa nyembamba.

"Lucie. Ulichomeka nini?"

"Taa."

"Nikiwa langoni. Simu za nani?"

"Moïse, ya nani tena? Sina hata moja. Unanijua."

"Mashine imekuona."

"Basi mashine ni mwongo."

Kofi lilisikika. Halafu la pili. Lucie hakulia, alisema tu, polepole, "Hata Kanyaruchinya hukunipiga." Edmond alisikiliza akitabasamu nusu, akachukua simu yake, akaanza kusoma habari.

Hawakuwa na mengi ya kufunga. Godoro, sufuria, mfuko wa nguo. Lucie alitoka nje ya lango godoro likiwa kichwani, shavu moja limevimba, akasimama barabarani kwenye vumbi jeusi akiwapa mgongo wote. Papa Moïse akarudi mpaka kizingiti cha ofisi. Hakuingia.

"Patron, munisamehe. Niliapa bure siku zote hizi. Sikujua niko nalala na mwivi."

"Mungu anasamehe, muzee. Acha ufunguo."

Mzee akautoa mfukoni. Hakumpa Edmond, alimnyooshea Magloire, kwa mikono yote miwili, kama inavyompasa mtu anayeheshimu.

"Na wewe, mutoto wangu, aksanti. Bila wewe ningekufa nikimuamini."

"Haina shida, papa," Magloire akajibu, akaupokea ufunguo.