Kiroba cha Uzi wa Bluu

Kisa hiki nilipewa na Agnesi mwenyewe, Machi iliyopita, tukichambua chikichi za kukamulia mawese uani kwake Rusimbi.

Siku ya kisa alikuwa Ujiji kwa bintiye Wema, aliyeolewa ufukweni. Mjukuu, Bariki, alikuwa anaharisha wiki ya pili, na dawa za zahanati hazijafua dafu. Mvua ikashuka. Mfereji unaoteremka kutoka Rusimbi ukafurika hadi mlangoni, wakabaki watatu kwenye chumba kimoja.

"Maji ya huyu huyachemshi," Agnesi akasema.

"Nachemsha, mama. Lakini ikinyesha tu, pale ninapochota, kwenye mfereji, panatanda mafuta na uchafu. Nichuje mara ngapi?"

Agnesi alijua yanakotoka. Wakamua mawese wa kwao husubiri mvua. Ikianza, maji machafu ya mapipa na makapi yote ya chikichi huenda mferejini, uani pakabaki safi. Asubuhi alikuwa amemwachia mumewe, Alphonce, agizo la kufanya hivyohivyo.

Akampigia simu. Haipatikani. Akapiga tena.

"Baba kazima," Wema akacheka. "Kakuogopa."

Agnesi akasogea dirishani. Kiroba cha makapi kikaja na maji, kikakwama kwenye jiwe la kuchotea maji. Kilifungwa kwa uzi wa bluu wa nyavu, mafundo mawili na kitanzi.

"Mama, kile si cha kwenu?"

Angeweza kusema viroba vinafanana. Lakini Wema ndiye aliyekuwa akimshikia uzi wa kufungia viroba tangu akiwa mdogo.

"Ni changu. Na mafuta ni yangu. Miaka yote."

Wema akampakata mwanawe, akageukia ukutani. Chumba kilikuwa hatua nne. Nje maji, ndani mgongo wa binti yake. Agnesi hakuwa na pa kutokea.

Jioni Alphonce akapokea. "Pipa moja nimemwaga. Naliinamisha la pili."

"Liache. Lifunike. Nikirudi tunachimba shimo la maji hayo nyuma ya migomba. Makapi tutayaanika, yawe kuni."

"Shimo? Mama Wema, mvua imekulewesha?"

"Funika pipa, Alphonce."

Agnesi na Wema wakasikia mfuniko ukigonga pipa upande wa pili wa simu.

"Na majirani zako?" Wema akauliza, bado kaelekea ukutani.

"Sijui. Nitaanza mimi."

Wema akasogea kidogo, akamwachia mama yake nafasi mkekani. Bariki akalala, kisha Wema. Agnesi akabaki akisikiliza kiroba kikigonga jiwe, mpaka usingizi ukamchukua naye.